Maswali yenu: siku moja ya baiskeli kando ya mto Weser

Tangu niliposimulia hapa safari yangu ya Mei, kutoka Hann. Münden (yaani Hannoversch Münden) hadi Höxter, hapa Ujerumani, kwa baiskeli, simu yangu haijanyamaza. Nimechagua maswali yaliyojirudia zaidi. Aliyeniuliza nimepungua kilo ngapi, nitamjibu siku nikinunua mizani.

Shikamoo. Nimefika Göttingen Oktoba kusoma, nina baiskeli ya mtumba ya gia saba. Nataka siku moja tu ya kuona vijiji. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Göttingen)

Marahaba, mwanangu. Anzia mtoni. Wageni wengi hukimbilia milima kwa sababu ya picha, halafu saa sita mchana wanasukuma baiskeli kama wachuuzi wa mkaa. Mto unateremka, na njia inaufuata.

Asubuhi panda treni ya mkoa mpaka Hann. Münden, si mbali na ulipo. Hapo mito Werra na Fulda inakutana na kuzaa Weser. Pana jiwe la mwaka 1899 lenye shairi linalosema kwamba Werra na Fulda zinapobusiana hupoteza majina yao. Kutoka jiwe hilo njia ya baiskeli inakwenda zaidi ya kilomita 500 hadi Cuxhaven, baharini. Wewe chukua 70 hivi za mwanzo, uishie Höxter.

Mimi nilishika ukingo wa kulia mpaka kijiji cha Hemeln, nikavuka kwa pantoni kwenda Veckerhagen. Ukipita mbio hapo utakuwa umejinyima. Waya mnene umetandazwa juu ya mto, ukingo hadi ukingo, na pantoni inaning'inia kwenye waya huo kwa kamba mbili zenye kapi. Nahodha anaifupisha kamba moja na kuilegeza nyingine, chombo kinakaa upande, na mkondo wa maji wenyewe unakisukuma mpaka ng'ambo. Mimi niliyezoea pantoni ya Kigamboni, honi na moshi wa dizeli, nilisimama nimeshika usukani wa baiskeli nikisubiri injini iwashwe. Nilipogutuka tulikuwa katikati ya mto. Kilichosikika ni kapi kulia na maji kugonga ubavuni.

Karibu kilomita 45 toka mwanzo utafika Bad Karlshafen, nyumba nyeupe zimepangwa kuzunguka bandari ndogo. Mji huo ulianzishwa mwaka 1699 na mtawala wa Hessen-Kassel, Karl, akawakaribisha humo Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa. Mji wa wakimbizi, basi. Kula hapo.

Ukivuka mpaka wa mikoa, vibao vya njia vinabadilika: herufi za kijani zinakuwa nyekundu. Usidhani umepotea, umeingia Nordrhein-Westfalen tu. Mwisho kabisa, nje kidogo ya Höxter, ni Corvey, abasia, yaani makao ya watawa, iliyoanzishwa mwaka 822. Sehemu yake ya mbele, yenye minara miwili, ilianza kujengwa karne hiyo hiyo ya 9, na UNESCO imeiweka kwenye urithi wa dunia tangu 2014. Fika kabla hawajafunga.

Na kurudi je? Baiskeli inaingia kwenye treni? (Huyo huyo)

Inaingia. Kituo cha Höxter Rathaus kiko pembeni kabisa mwa mto: panda treni ya Kreiensen, ubadilishe hapo kwenda Göttingen. Ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima, Deutschlandticket, inakubeba wewe, haibebi baiskeli. Baiskeli mara nyingi ina tiketi yake, na utaratibu hutofautiana mkoa na mkoa, kwa hiyo uliza kabla. Tafuta behewa lenye mchoro wa baiskeli mlangoni. Jumapili ya jua jioni hujaa kama mwendokasi wa Kimara saa moja asubuhi. Ondoka mapema au uwe na subira.

Nina miaka 58 na goti bovu. Nitaweza? (Mama Wawili, Hannover)

Mama, goti halitakusumbua kama upepo. Upepo wa hapa hupenda kutoka magharibi, na sehemu nyingine za bonde utaupokea usoni. Kodi baiskeli ya umeme: inakusaidia kukanyaga mpaka mwendo wa kilomita 25 kwa saa, zaidi ya hapo unabaki na miguu yako. Na nani kakuambia lazima zote 70? Ishia Karlshafen, kula aiskrimu, panda treni.

Polisi wa huko wanataka nini kwa mwendesha baiskeli? Kofia ngumu ni lazima? (Msomaji, Nakuru, anatarajia kuja)

Kofia si lazima kisheria, ila mimi navaa. Kinacholazimu ni breki mbili, kengele, taa na viakisi mwanga. Simu mkononi ukiwa unaendesha ni faini ya euro 55. Kibao cha duara, buluu, chenye baiskeli nyeupe, maana yake njia hiyo lazima uitumie, usiende barabarani.

Lakini ndugu yangu, hatari yako wewe ni nyingine. Umekulia kushoto, huku ni kulia. Mchana mzima utakumbuka, kisha utatoka kwenye njia tulivu ya mtoni, hakuna gari, akili imelala, na mwili utakupeleka kushoto wenyewe. Yalinipata mwaka wangu wa kwanza. Trekta lilikuwa limebeba nyasi, dereva wake alikuwa na kifua kizuri cha kupiga kelele. Na kwenye makutano yasiyo na kibao, anayetoka kulia kwako anapita kwanza, hata kama ni bibi na kikapu chake.

Mimi ni Muislamu. Nitakula nini vijijini, maana nasikia kila kitu nguruwe? (Dada wa Likoni, Kassel)

Si kila kitu, ila vingi. Duka la mikate ndilo mkombozi: mkate wa jibini, keki ya tufaha, kahawa. Maduka makubwa hufungwa Jumapili, ila maduka ya mikate mengi hufungua saa chache asubuhi. Beba tende na mayai ya kuchemsha. Maji, jaza chupa nyumbani, ukiona bomba lenye maandishi „Kein Trinkwasser", yaani si maji ya kunywa, hayo ni ya maua.

Na ujifunze neno moja, „Ruhetag": siku ya mapumziko ya mgahawa. Mimi niliota viazi vya kukaanga kwa kilomita 15, nikafika kwenye mgahawa mmoja kando ya mto, viti viko nje, maua yamemwagiliwa, na neno hilo limebandikwa mlangoni. Nilikula ndizi mbili nikitazama viti.

Samahani kwa swali hili. Vijijini hawatushangai? (Asiyetaka jina, Leipzig)

Usiombe samahani. Wanatazama, na macho hayana pazia. Safari hiyo nilitazamwa sana, nikasalimiwa sana pia, maana mwendesha baiskeli aliyelowa jasho anaonekana ni wa kabila la waendesha baiskeli kwanza. Mimi nasalimia wa kwanza, kwa sauti. Lakini siwezi kukuahidi kila kijiji. Ukiona mahali hapakukai vizuri, usijieleze wala usijipime ushujaa, kanyaga pedali. Mara ya kwanza nenda na wenzako.

Nimesoma kwamba huko kuna mji wa vanila. Sisi Kagera ndio tunalima vanila. (Mkulima, Bukoba)

Ni Holzminden, kilomita kama 10 mbele ya Höxter. Mwaka 1874 mkemia Wilhelm Haarmann, mzaliwa wa hapo, pamoja na mwenzake Tiemann, walitengeneza harufu ya vanila kutokana na utomvu wa misonobari, na kiwanda kikajengwa hapo hapo. Kwa hiyo wewe unayechavusha ua moja moja kwa mkono alfajiri, mshindani wako ametoka kando ya mto huu. Hata hivyo wanaojua ladha bado wanakutafuta wewe.

Huko pancha mnaziba au mnatupa tyubu? (Fundi, Morogoro)

Fundi wangu, wengi wanatupa, na inaniuma. Mimi nilipata pancha kabla ya Karlshafen, mwiba wa ua wa mtu. Kiraka ninacho, solusheni ninayo, tyubu nikaziba vizuri nikitumia maji ya mto kutafuta tundu. Pampu niliyoazima ikakataa: ilikuwa ya ile midomo minene kama ya matairi ya gari, na yangu ina mdomo kama wa Phoenix zetu. Nilisukuma kilomita tatu mpaka nikakutana na mzee anayekata majani, akaleta pampu ya miguu kutoka bandani. Alikitazama kiraka changu, akakibonyeza kwa kidole gumba, akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia Morogoro.