Ruzuku ya miti: mikorosho iacheni ilipo

SWALI: Tunakaa Likoni, ila shamba letu la ekari sita liko Msambweni, tumelirithi kwa baba. Amekuja bwana mmoja na fomu, asema serikali inawalipa wakulima kila mwaka kwa kila ekari yenye miti ya kuhifadhi ardhi. Ada ya usajili ni shilingi 3,000 pamoja na nakala ya hatimiliki. Ashauri pia tung'oe mikorosho mikuukuu tupande mivinje, ati miti mipya ndiyo inayohesabiwa. Tufanyeje tusipitwe na awamu hii?

JIBU: Dada yangu, hakuna awamu ya kukupita, maana mpango wenyewe haupo. Kenya haina ruzuku ya kumlipa mkulima mmoja mmoja, kila mwaka, kwa ekari alizopanda miti. Kanuni za misitu ya mashambani za mwaka 2009 zinamtaka mwenye shamba awe na miti kwenye asilimia 10 ya ardhi yake, na hazimpi senti. Ruzuku anayoiona mkulima kwa macho ni ya mbolea, na kusajiliwa kwake ni kwa chifu, bure. Fedha za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi nazo hushukia kaunti, zikafika kwa kamati za wadi kwa miradi ya watu wote, kama kuchimba bwawa. Haziingii kwenye simu ya mtu.

Fomu kama hiyo naletewa kila masika yakikaribia. Karatasi nzuri, nembo ya serikali juu, na chini kabisa nambari ya kulipia ni ya mtu binafsi.

Lakini hizo elfu tatu zina nafuu. Linalonichoma ni hilo la "miti mipya". Watu wamesikia ya Marekani, ambako tangu 1985 kuna Conservation Reserve Program: mkulima hufunga mkataba wa miaka 10 hadi 15, akalipwa kila mwaka ili ardhi inayomomonyoka isilimwe, ioteshwe nyasi au miti. Analipwa kwa kuweka jembe chini. Dalali ameligeuza likawa kulipwa kwa kushika shoka!

Hapo jirani yenu Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, unauza kaboni, yaani hulipwa na wanaotaka kufidia hewa chafu yao kwa miti inayoinyonya; una hekta 117, na sehemu kubwa ni mikoko iliyokuwepo siku zote, ikilindwa isikatwe. Pesa zake zimetia maji na kusaidia shule, hazikugawiwa mifukoni. Na viwango vya Verra, shirika linaloidhinisha miradi ya kaboni, hukataa ardhi iliyofyekwa uoto wake wa asili ndani ya miaka 10 kabla ya mradi. Mikorosho si msitu wa asili, najua, lakini ndiyo inayoshika ule mchanga wenu: mizizi imekwenda chini, majani yametandika ardhi. Ing'oeni, na mvua kubwa ya kwanza itaondoka na udongo wa juu wakati mvinje ungali kijiti. Mkorosho mkuukuu ukizaa kidogo hupogolewa, au hukatwa kichwa ukachipua, ukabebeshwa vikonyo, yaani vijiti vya kupandikiza, vya mbegu bora.

Hawa wa fomu ni wadogo. Wakubwa wao huja na mikataba ya kaboni, na hapo ndipo watu wa Pwani wataumia. Sheria ya tabianchi ilivyorekebishwa 2023 inailinda jamii: mradi wa ardhi uwe na makubaliano ya maendeleo na jamii, na asilimia 40 ya mapato iende kwao kila mwaka. Ila hiyo ni kwa ardhi ya umma na ardhi ya jamii. Nyinyi wenye hati binafsi, kinga yenu ni ile karatasi mtakayotia sahihi, na mikataba hii huweza kulifunga shamba miaka 30, mkawarithisha watoto kifungo. Mtu akikwambia "tia sahihi leo, nakala utaletewa," mfungulie mlango atoke.

Ikiwa nakala ya hatimiliki mmekwisha kumpa huyo bwana wa fomu, nendeni afisi ya ardhi Kwale mkaangalie kama kuna lolote lililoandikishwa juu ya shamba hilo. Mkikuta jina msilolijua, muoneni wakili kabla ya kumpigia yeye simu.