Chemsha Bongo na Bibi Mwalimu: Ngamia wa Kuazima

*Shikamoo Mwalimu. Barazani kwetu juzi nusura watu wagombane kwa sababu ya ngamia. Mzee alifariki, akaacha ngamia 17 na wosia: mwana wa kwanza apate nusu, wa pili theluthi, wa tatu tusui (sehemu moja ya tisa), na asichinjwe hata mmoja. Wakashindwa kugawana. Akapita msafiri, akawaongezea ngamia wake, wakawa 18. Wa kwanza akachukua 9, wa pili 6, wa tatu 2. Hao ni 17. Msafiri akapanda ngamia wake, akaenda zake. Mwenzangu anashikilia kuwa kuna aliyepunjwa. Mimi nasema hakuna. Tuamulie.*
— Mnywa kahawa, Pangani

Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyepunjwa, hilo liondoeni. Lakini mwenzako usimbeze, maana kuna kitu amekinusa. Wosia huu una tundu, ila hamkulitafuta mahali pake.

Nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka 31, na fumbo hili nililitega kila mwaka darasa la sita likifika kwenye sehemu. Sikuanza na ubao. Nilimwaga maharage 17 mezani, kisha nikaongeza kokwa moja ya tende. Kokwa ndiyo ngamia wa msafiri. Nilitaka atofautiane na wenziwe ili watoto wamfuate kwa macho. Haya, gawa: 9 huku, 6 huku, 2 huku, na kokwa usiiguse. Mwisho kokwa imebaki peke yake katikati ya meza. Mwaka mmoja msichana wa dawati la nyuma, ambaye hakuwa na desturi ya kunyoosha mkono, akauliza: "Kama hakuna aliyepewa huyu, aliletwa wa nini?" Swali lile nalipenda mpaka leo kuliko jibu lake.

Shikeni kalamu. Nusu ya 17 ni 8 na nusu. Wa kwanza kapata 9, kazidishiwa nusu. Theluthi ya 17 ni 5 na theluthi mbili. Wa pili kapata 6, kazidishiwa theluthi. Tusui ya 17 ni 1 na tusui nane. Wa tatu kapata 2, kazidishiwa tusui. Wote watatu wamepata zaidi ya walichoandikiwa! Ziada imetoka wapi? Jumlisheni mafungu yenyewe. Katika 18, nusu ni 9, theluthi ni 6, tusui ni 2: jumla 17. Haifiki 18. Mzee hakuigawa mali yake yote. Fungu moja kati ya 18 lilibaki bila mwenyewe, na kwa ngamia 17 fungu hilo linakaribia ngamia mzima. Hicho ndicho wanawe walichogawana bila kujua, tena kwa uwiano uleule wa wosia. Msafiri hakutoa kitu. Alichofanya ni kuwaletea hesabu inayogawanyika kwa 2, kwa 3 na kwa 9, basi.

Waliosoma mirathi ya Kiislamu wanajua kuwa mambo huweza kwenda upande wa pili pia, mafungu yakazidi mali. Mtu kafariki, kaacha mke, mabinti wawili, mama na baba. Mke ana thumuni (moja ya nane), mabinti theluthi mbili, mama sudusi (moja ya sita), baba sudusi. Katika 24 hayo ni 3, 16, 4 na 4. Jumla 27! Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib, khalifa wa nne wa Waislamu, aliulizwa mas-ala haya akiwa juu ya mimbari, naye akajibu papo hapo kuwa thumuni ya mke imekuwa tusui. Mali inakatwa mafungu 27 badala ya 24, kila mrithi anapungukiwa kwa kadiri ya fungu lake, na 3 kati ya 27 ni tusui kweli. Kanuni hiyo huitwa auli. Kila nikilikumbuka jibu lile, katikati ya hotuba, bila kalamu, mwili hunisisimka.

*Shikamoo Bibi Mwalimu. Niko darasa la tano. Babu yangu ni mvuvi, aliniambia pweza ana mioyo mitatu. Nilipolisema darasani walinicheka.*
— Mjukuu wako, Kilwa

Marahaba, mjukuu wangu. Babu kasema kweli. Mioyo miwili inasukuma damu kwenye matamvua anayopumulia, wa tatu unaisukuma mwilini kote. Na ukirudi darasani waongezee hili: damu ya pweza ni ya buluu, kwa sababu kinachobeba oksijeni ndani yake ni shaba, wakati katika damu yetu ni chuma. Babu mpelekee salamu zangu.

Fumbo la toleo hili. Ngamia ni 13. Wa kwanza nusu, wa pili theluthi, wa tatu robo. Hakuna wa kuchinjwa. Msafiri wetu kapita tena, ila safari hii kaja kwa miguu, hana ngamia wa kuazimisha. Na bado aliwagawia, kila mmoja akaondoka na ngamia wazima, wote 13 wakaisha. Alifanyaje? Mwenye maharage jikoni aanze nayo, na aniandikie pia nani safari hii kapata pungufu ya alichoandikiwa, na kwa kiasi gani.