Malkia wa Andes alivyofunikwa na Kashata

Mwezi uliopita niliita jina la mhusika mmoja wa gemu kwenye maiki mara sita, na mara zote sita ukumbi ulikuwa kimya kama msibani. Nilipovuta pumzi niite mara ya saba, dogo mmoja wa mstari wa nyuma, kofia kaigeuza, mdomo umejaa bisi, akapiga kelele neno moja tu. Ukumbi mzima ukalidaka. Tangu hapo hadi fainali hakuna aliyemwita yule mhusika kwa jina nililompa mimi, wala kwa jina lake mwenyewe.

Tulikuwa Dar, kwenye mashindano madogo ya Tekken 8, gemu ya mapigano. Waandaaji waliniita nitangaze kwa sababu wanaijua historia yangu, nami nilikubali kabla hawajataja malipo. Nilijiandaa siku tatu. Niliandika kwenye karatasi jina la utani la kila mhusika niliyedhani atachaguliwa. Victor, yule Mfaransa mwenye mvi na upanga, nikampa Mwungwana wa Paris. Jack-8, roboti, akawa Mtambo wa Maangamizi. Azucena, dada wa Kiperu anayepigana huku akili yote iko kwenye kahawa, nikampa jina nililoliona linashinda yote: Malkia wa Andes. Nililijaribu bafuni. Bafuni lilisikika vizuri sana.

Ukumbini sasa. Azucena anacheza na miguu, anakwepa ngumi, anarudi na teke, mimi napaza sauti: "Malkia wa Aaandes!" Kimya. Nikanywa maji. Nikajaribu tena kwa besi. Kimya. Ndipo yule dogo akasema: "Kashata!"

Kama umekulia pwani huhitaji kuelezwa. Kahawa chungu, kashata pembeni. Hakufafanua na hakuna aliyemuuliza. Azucena akipiga, watu "Kashataaa!" Akipigwa, "Kashata imevunjika!" Hata kijana aliyekuwa anamchezesha aligeuka kucheka, akapoteza raundi. Mimi nikaikunja karatasi yangu nikaitia mfukoni.

Limeniganda jambo hili. Na kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mnaota siku moja mshike maiki, mtangaze fainali, mseme neno moja na ukumbi usimame, leo nawapa ninachokijua kuhusu majina ya utani. Sikujifunzia Dar. Nilijifunzia Tanga.

Pale Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, palikuwa na kibanda cha mabati chenye TV mbili za inchi 14 na pleistesheni ya kwanza, ile ya kijivu, iliyolazwa kifudifudi. Lenzi ilishachoka, na bila kuipindua hivyo haikusoma CD. Mechi moja hamsini, ile sarafu ya kifaru. Mshindi anabaki, aliyepigwa anarudi benchi kutafuta hamsini nyingine. Tekken 3 ilitoka Japani kwenye mashine za ukumbini za kampuni ya Namco mwaka 1997, ikaingia pleistesheni 1998. Kwetu ilifika baadaye kidogo, CD ya kuchoma, jina limeandikwa kwa maka peni. Nilikuwa darasa la sita. Hamsini zangu zilikuwa za kuhesabu, kwa hiyo muda mwingi nilikuwa mtu wa benchi, na kazi ya mtu wa benchi ni mdomo.

Majina yenyewe hatukuyaweza. Hwoarang, hebu litamke. Heihachi. Yoshimitsu. Bosconovitch. TV ina chenga, maandishi madogo, halafu unataka kumwambia mwenzako "mchukue yule" kabla muda wa kuchagua haujaisha. Yule nani? Kwa hiyo msidhani tulianza kwa mzaha. Tulianza kwa shida. Forest Law alikuwa Bruce Lee, na hilo halikuhitaji mtunzi kwa sababu hata waliomchora walikuwa wanamfikiria Bruce Lee. Lei Wulong, polisi wa Hong Kong anayepigana kilevi, Jackie Chan, kwa sababu ileile. Paul Phoenix na nywele zake zilizosimama wima, Fagio. Heihachi, upara katikati na nywele zimechongoka kulia na kushoto, Babu Pembe. Gon, yule mjusi mfupi aliyeazimwa kutoka kwenye kitabu cha katuni cha Kijapani, aliitwa Kenge, na ukimchagua Kenge ulitukanwa mpaka utoke, maana ngumi za watu wazima zilimpita juu. Daktari Bosconovitch, ambaye mgongo unamsumbua na anaanguka chini mwenyewe bila kuguswa, Mzee Kiuno.

Kwa Mokujin nataka tukae kidogo. Mokujin ni mtu wa gogo. Sisi tulimwita Kinyago, nami nilikuwa kiongozi wa chama cha Kinyago. Jina zuri, linafanana naye, linatamkika. Lilidumu wiki mbili. Shida ni kwamba Mokujin hana staili yake. Sasa hivi anaingia na mateke ya Hwoarang, baadaye anaingia na mieleka ya King. Unamchagua hujui umepewa nini. Nje ya kibanda palikuwa na mama muuza mihogo, hajawahi kushika padi maishani mwake. Siku moja akamsikia kijana analalamika kwamba huyu mtu leo hivi kesho vile, akachungulia mlangoni, mwiko mkononi, akasema, "Basi huyo ndumilakuwili." Akarudi kwenye karai lake. Kinyago kilikufa mchana huohuo. Tukafupisha, ikawa Ndumila.

Kwa hiyo andika hili: jina la sura hushindwa na jina la tabia. Mtaniambia Fagio ni jina la sura na lilidumu. Sawa. Paul hakuwa na tabia iliyozishinda zile nywele.

Sasa tufike kwa Eddy Gordo, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu hapa ndipo ninapoumwa.

Eddy ni Mbrazili wa capoeira, yale mapigano ya Kibrazili ya mateke na kubinuka, alianza kuonekana kwenye hiyohiyo Tekken 3. Aliyepitia vibanda anajua balaa lake. Mtoto hajui kitu, ameingia na hamsini yake ya kwanza, anabonyezabonyeza vitufe vya mateke macho kafumba, na Eddy anazunguka, anabinuka, analala chini akipiga, anainuka akipiga. Unajifunza kumchezesha Jin miezi mitatu halafu unapigwa na mtoto wa darasa la pili. Tulimjaribishia majina mengi: Mbrazili, Rasta, Sarakasi. Yalikuwa yanaitika leo, kesho yamesahaulika.

Ijumaa moja nilitoka msikitini moja kwa moja nikaenda kibandani. Hotuba yote nilikuwa nimekaa chini ya pangaboi bovu, linazunguka huku linatikisika, na kusema kweli sikusikia hotuba, nilikuwa nalitazama nikipanga litakapoanguka nikimbilie upande gani. Nikakaa kwenye padi na ile kanzu yangu. Mpinzani kamchukua Eddy. Raundi ya pili kanilaza, Eddy yuko chini, miguu inazunguka juu ya kichwa changu, na mimi nikapiga kelele, si kwa kutania, kwa hofu kabisa: "Pangaboi!"

Benchi lilianguka. Nasema kweli, lilianguka, lilikuwa la mguu mmoja mbovu. Kufikia Jumapili watoto wa barabara ya jirani walikuwa wanakuja wanaomba kumchezesha Pangaboi, na hakuna hata mmoja aliyekuwepo Ijumaa.

Palikuwa na kaka mmoja pale kibandani, mkubwa kwetu, mwenye hamsini za kutosha. Sitamtaja, anajijua. Alilipenda jina lile kuliko mtu yeyote. Akahamia Dar, akajulikana kidogo kwenye mambo ya gemu, na miaka imepita namsikia kwenye mazungumzo ya mtandaoni anasimulia jinsi yeye alivyomtungia Eddy jina la Pangaboi. Alikuwa amekaa, anasema, chini ya pangaboi bovu. Jamani. Jina kachukua, sawa, lakini hata pangaboi langu? Nilimwandikia. Alinijibu kwa vicheko vitatu na kunisalimia familia.

Nimesamehe. Lakini ninyi vijana mnaotaka kazi hii, lijueni mapema hili: jina la utani halina hati. Noti nyekundu ya elfu kumi tunaiita msimbazi kwa sababu ya wekundu wa Simba, klabu ya mtaa wa Msimbazi, na aliyesema hivyo mara ya kwanza huenda leo yuko dukani analipa kwa msimbazi na hakuna anayemshukuru. Ukitaka sifa, tunga wimbo. Ukitunga jina la utani umetoa sadaka.

Wala msidhani ni mambo ya watoto wa uswahilini tu. Angalieni Street Fighter, gemu nyingine ya mapigano. Street Fighter II ilipotoka mwaka 1991, huko Japani yule bondia aliitwa M. Bison, mkuu wa wabaya aliitwa Vega, na yule Mhispania mwenye kinyago na makucha aliitwa Balrog. Bondia alifanana na Mike Tyson mpaka jina. Capcom, kampuni yenye gemu, wakaogopa kesi Marekani, wakazungusha majina matatu yale: bondia akawa Balrog, mkuu akawa M. Bison, mwenye makucha akawa Vega. Matokeo yake Mjapani na Mmarekani wakikaa meza moja, mmoja akisema Vega, kila mtu ana picha yake kichwani. Wachezaji wa mashindano waliamua nini? Waliyaacha majina ya kampuni, wakasema Bondia, Kucha na Dikteta kwa lugha zao, na wanasema hivyo mpaka leo. Hakukuwa na kikao. Palikuwa na shida, kama yetu ya Ngamiani.

Mortal Kombat, gemu ya mapigano pia, wao walipitiliza. Ile ya mwaka 1992, kwenye ukurasa wa hesabu za mashine, ilikuwa na neno ERMACS, kifupi tu cha makosa ya programu. Mashabiki wakaamini ni ninja mwekundu aliyefichwa, wakamsaka miaka. Mwaka 1995 watengenezaji wakasalimu amri, wakamtengeneza kweli, Ermac. Jina lilitangulia, mtu akafuata.

Mnaona nilipokosea na karatasi yangu? Hakuna mtu ukumbini aliyekuwa na shida ya kumwita Azucena. Nilikwenda kutibu mtu asiyeumwa. Dogo wa kofia hakuja kutunga jina, alikuja kutazama gemu na kula bisi, na neno likamtoka kama Pangaboi lilivyonitoka mimi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Usitungie jina chumbani. Usilirudie likigoma, mara mbili zinatosha, mimi nilifika sita. Usilifafanue, maana jina linalohitaji maelezo ni hotuba. Na ukisikia la mwenzio limeshika, lishike na wewe, lipaze kwenye maiki, usinune kama nilivyonuna. Tena narudia, usitungie chumbani. Kizazi hiki mna haraka ya kujulikana, mnataka jina lenu liwe chini ya kila kitu, mnasahau kwamba yule mama wa mihogo aliuza mihogo yake akaenda nyumbani na Ndumila akabaki anatamba. Kuna unyenyekevu katika kazi hii, na asiyekuwa nao atafute nyingine.

Nisimalizie kabla sijawaambia lililotokea nusu fainali. Eddy aliongezwa kwenye Tekken 8 mwaka 2024, miezi michache baada ya gemu kutoka, na siku ile kijana mmoja alifika nusu fainali akiwa naye. Kwenye karatasi yangu Pangaboi lilikuwa la kwanza kabisa, nimelipigia mistari miwili. Lakini karatasi ilikuwa mfukoni, nami nilishaogopa kufungua mdomo. Eddy akashuka chini, miguu ikaanza kuzunguka, na kutoka nyuma nikasikia sauti ileile ya bisi: "Pangaboi hilo! Ongeza spidi!" Na ukumbi: "Tanooo!"

Mapumziko nikamfuata. Nikamsalimia, nikamsifia kwa Kashata, hilo nililifanya kiungwana. Halafu nikashindwa kujizuia.

"Unamjua aliyetunga Pangaboi?"

Akatafuna, akameza.

"Kutunga vipi, braza? Si ndiyo jina lake?"

Nikamwomba bisi.