Uliza Fundi: Jiko la umeme likigoma

Barua za safari hii karibu zote ni za majiko ya umeme, kwa hiyo tumezijibu pamoja. Kabla ya kushika bisibisi, zima breka ya jiko, chomoa plagi kama ipo, kisha hakikisha kwa tesa kwamba kweli hakuna umeme. Kurudisha nobu kwenye sifuri hakutoshi. Swichi nyingine za jiko hukata waya mmoja tu, na huwezi kujua kwa macho kama ni huo wenye moto.

Jiko langu lina pleti nne na oveni. Pleti kubwa ya mbele imekufa ghafla, nyingine zote ziko sawa. Fundi aliitazama akasema ninunue pleti mpya. Nawezaje kujua kama ni kweli kabla sijatoa hela?
*Msomaji, Morogoro*

Kuitazama hakutoshi, lazima ipimwe. Pleti isipopata moto, kosa linaweza kuwa kwenye pleti yenyewe, kwenye swichi yake au kwenye waya unaoziunganisha. Huo waya ndio mkosaji wa mara kwa mara, na ndio wa bei rahisi kuliko vyote, kwa hiyo anza nao.

Fungua uso wa jiko. Majiko mengi ya kusimama yana skrubu mbili mbele, chini ya ukingo, na uso hunyanyuka kama boneti ya gari. Piga picha za waya kwa simu kabla hujachomoa hata mmoja. Kisha angalia klipu zinazoingia kwenye vichwa vya pleti, yaani vijino vya chuma ambapo waya hufungwa. Klipu nzima inang'aa na inabana. Ukiivuta kwa vidole inakataa. Iliyoharibika ni nyeusi au ina rangi ya zambarau, imelegea, na ngozi ya waya karibu yake imekuwa ngumu na inavunjika kama ganda la yai. Ukiiona hiyo, umeshampata mchawi. Kata waya mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, safisha kichwa cha pleti kwa msasa laini, halafu funga klipu mpya ya chuma inayostahimili joto na uibane barabara kwa plaizi yake. Usilehemu. Risasi ya kulehemu huyeyuka karibu na nyuzi 183, na chini ya pleti joto hilo ni la kawaida. Utepe wa plastiki nao hauna kazi humo ndani. Kama waya ni mfupi, uongeze kwa waya wenye ngozi ya silikoni na kiungio cha kauri. Kiungio cha plastiki cheupe kitayeyuka.

Waya zikiwa nzima, ichomoe pleti kwenye waya zake zote kisha weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Namba unayoitarajia unaipata kwa hesabu ndogo: gawa 52,900 kwa wati zilizoandikwa chini ya pleti. Hiyo 52,900 ni 230 mara 230, volti za nyumbani. Pleti ya wati 1,000 itakupa kama omu 53, ya 1,500 omu 35, ya 2,000 omu 26. Ikiwa baridi inaweza kusoma pungufu kidogo, usihangaike.

Kama pleti yako ina vichwa vinne, ndani yake kuna koili tatu, na swichi ya hatua sita huzipanga kwa namna tofauti: kwenye 1 zinafuatana ili moto uwe mdogo, kwenye 6 zinafanya kazi sambamba. Hapo pima kila jozi ya vichwa. Katika pleti nzima kila jozi hutoa namba. Jozi ikikaa kimya, kuna koili iliyokatika, na pleti ya chuma haifunguliwi kutengenezwa, hununuliwa nyingine. Hii pia ndiyo sababu ya pleti inayopata moto kwenye namba fulani na kukataa kwenye nyingine.

Bado pima kitu kimoja: kutoka kila kichwa hadi mwili wa pleti. Mita isionyeshe chochote. Ikionyesha namba, pleti inavuja umeme hata kama inapata moto vizuri.

Pleti ikifaulu yote hayo, shuka kwenye swichi. Kama kuna pleti nyingine yenye wati zilezile na idadi ileile ya vichwa, badilisha swichi zao. Ubovu ukihamia pleti ya pili, swichi ndiyo imekufa.

Ukienda dukani beba pleti ya zamani mkononi. Zinazopatikana zaidi zina kipenyo cha milimita 145 na 180, lakini mbili za 180 zinaweza kuwa vitu viwili tofauti. Ile yenye doa jekundu katikati ni ya moto wa haraka na ina kikomo cha joto ndani. Ukiweka isiyolingana na swichi, vichwa havitakubaliana.

Shikamooni mafundi. Jiko halikutumika tangu masika yaanze. Sasa nikiwasha oveni, breka ya usalama ya nyumba nzima inaanguka. Pleti za juu zinafanya kazi bila tatizo. Kuna mtu amenishauri niukate waya wa kijani na njano kwenye jiko, anasema amefanya kwake na imetulia.
*Msomaji, Tanga*

Marahaba. Huo waya usiuguse. Ni waya wa ethi, na breka ya usalama (ile yenye kitufe cha T) imeanguka kwa sababu umeme unavuja kwenda kwenye mwili wa jiko. Breka nyingi za aina hii majumbani huanguka uvujaji ukifika miliampea 30. Ukikata ethi, uvujaji haukwishi. Utakaa kwenye bati la jiko kumsubiri mtu ashike mlango wa oveni akiwa peku kwenye sakafu iliyolowa. Na huyo aliyekushauri, mwambie aurudishe wa kwake leo.

Elementi ya oveni ni bomba la chuma lenye waya katikati, na kati ya waya na bomba kumejazwa unga mweupe wa oksidi ya magnesi. Unga huo ukiwa mkavu haupitishi umeme, lakini hunyonya unyevu wa hewa kupitia ncha za bomba. Jiko likikaa wiki nyingi bila kuwashwa, tena kwenye hewa ya pwani, linanyonya vya kutosha kuangusha breka.

Kwanza itafute elementi inayovuja. Zima umeme wote, fungua bati la nyuma, chomoa waya zote mbili za elementi ya chini na kila ncha uifunike peke yake kwa kiungio cha kauri. Rudisha bati, washa oveni kwa elementi ya juu. Breka ikikaa, ya chini ndiyo mbovu. Ikianguka, rudia zoezi kwa ile ya juu. Chomoa waya zote mbili, siyo mmoja, maana umeme huvuja hata kupitia upande wa nyutro, waya wa kurudishia umeme.

Ukishaijua, usikimbilie dukani. Iache ikiwa imechomolewa, washa ile nzima kwa nyuzi 150 kwa saa moja na nusu, ili ile yenye unyevu ikaukie humohumo kwenye joto la mwenzake. Acha ipoe, zima umeme, unganisha, jaribu tena. Nyingi hupona hapo. Isipopona, au ikipona leo na kurudia wiki ijayo, tafuta ufa au uvimbe kwenye bomba. Mita ya kawaida mara nyingi haiuoni uvujaji mdogo, unahitaji fundi mwenye mita ya volti 500 inayopima uwezo wa elementi kuzuia umeme usivuje. Ikisoma chini ya megaomu moja baada ya kukaushwa, nunua elementi mpya ya wati zilezile na umbo lilelile. Baada ya hapo, msimu wa mvua uwe unawasha oveni tupu dakika ishirini kila wiki.

Ukiwa huko nyuma fagia na mende. Mizoga yao na mafuta kwenye vichwa vya elementi huangusha breka vilevile.

Nina kuka ya gesi tatu na pleti moja ya stima, oveni pia ni ya stima. Plagi inapata moto, nimebadilisha mara mbili. Juzi soketi nayo imeyeyuka. Je, plagi za siku hizi ni feki?
*Msomaji, Mombasa*

Feki zipo, ila tufanye hesabu kwanza. Plagi ya pini tatu bapa imetengenezwa kwa ampea 13, na kwa stima ya volti 240 hiyo ni kama wati 3,100. Soma kibandiko nyuma ya kuka yako. Pleti ya 1,500 na oveni ya 2,000 zikiwaka pamoja ni 3,500, karibu ampea 15 kwa saa nzima ya kuoka. Fyuzi ya 13 haiungui papo hapo kwa mzigo huo; inachemka polepole na kuichemsha plagi pamoja nayo. Na kama kuna mtu alikuwekea kipande cha waya mahali pa fyuzi, usishangae soketi kuwa ndiyo iliyoungua badala yake.

Kuka yenye jumla ya wati zaidi ya 3,000 ipewe laini yake kutoka kwenye boksi la breka: waya wa shaba wa milimita za mraba 6, breka ya ampea 32, na swichi ya kuka ukutani isiyokuwa juu ya moto, ili ukiona mwale uweze kuifikia. Toka kwenye swichi hadi kwenye jiko waya unafungwa moja kwa moja, bila plagi. Hii ni kazi ya fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na kwa walio Tanzania, ya EWURA. Kwa sasa tumia ama pleti ama oveni, siyo vyote kwa pamoja, tena kwenye soketi mpya na bila ekstensheni.

Plagi inayopata moto hata kwa jiko dogo la pleti mbili lisilozidi wati 2,500, hiyo ni kesi nyingine: skrubu zimelegea. Fungua, kata waya uliofifia, kaza upya.

Keki inaungua chini na katikati mbichi, ingawa nimeweka 180 kama mapishi yanavyosema. Themostati imekufa?
*Msomaji, Dodoma*

Ijaribu kwa sukari. Sukari nyeupe huyeyuka karibu na nyuzi 186. Weka kijiko cha chai cha sukari kwenye kipande cha foili, rafu ya katikati ya oveni, nobu kwenye 175, na oveni iwe imeshapata moto dakika ishirini. Baada ya dakika kumi na tano sukari iwe bado ni punje. Ikiwa imeshakuwa maji ya rangi ya asali, oveni yako ni kali kuliko nobu inavyodai. Weka sukari nyingine kwenye 195. Ikibaki punje, ni baridi kuliko inavyodai.

Kabla ya kuilaumu themostati tafuta kijiti chake cha shaba, chembamba kama penseli, kilichoshikwa na vibanio ndani ya oveni. Kikianguka au kikigusa ukuta, kinapima kisichokuwa hewa ya oveni. Kirudishe kwenye vibanio, taratibu, maana kamrija kanakotoka nacho kakikunjwa kakavunjika, themostati ndiyo basi. Angalia na mpira wa mlango: bana karatasi mlangoni, uivute. Ikitoka bila kukataa, joto linatoka hapohapo.

Chini kuungua peke yake mara nyingi ni elementi ya juu iliyokufa. Washa oveni kwa juu na chini, subiri dakika tano, fungua uone kama zote mbili zimepata joto. Na kama umetandika foili kwenye sakafu ya oveni kuzuia uchafu, itoe.

Koili ya jiko la waya imekatika. Nimeisokota pamoja, inawaka vizuri kuliko zamani!
*Msomaji, Mwanza*

Inawaka zaidi kwa sababu umeifupisha. Koili ya wati 1,000 ukiipunguza sehemu ya kumi inafika kama 1,100, na pale uliposokota ndipo itakapokatika tena, pengine sufuria ikiwa juu. Nunua koili mpya ya wati zilezile na uivute sawasawa mpaka ijaze mfereji wote wa udongo. Jiko la namna hiyo lina waya wenye umeme uliokaa wazi, kwa hiyo usikorogee kwa kijiko cha chuma likiwa limewashwa.

Pleti za kioo zinawaka nyekundu, zinazima, zinawaka tena. Nimeshalipia fundi mara mbili.
*Msomaji, Kigali*

Ndivyo zinavyofanya kazi. Nobu ikiwa chini, swichi huwasha na kuzima ili joto liwe la wastani, na hata ikiwa juu kabisa kikomo cha joto huizima pleti ili kioo kisipate moto kupita kiasi. Sufuria yenye kitako kilichopinda huzidisha hali hiyo. Badilisha sufuria.