Bolti ya 8, Tundu la Ngapi?

Vijana wanaoanza ufundi hapa Ngamiani, Tanga, huniuliza sana: nikitaka kupiga thredi ya bolti ya milimita 8, nitoboe kwa biti ya ngapi? Wengi wameshazoea kuinua bolti na biti juu kwenye mwanga na kukadiria kwa jicho. Kwenye bamba nene la geti huenda kazi ikapita. Ukiitumia mbinu hiyo kwenye giaboksi ya mtu, andaa na hela ya tapu nyingine, yaani kile chombo cha kukatia thredi ndani ya tundu.

Hesabu yenyewe ni ya kutoa tu. Chukua kipenyo cha bolti, toa hatua ya thredi, yaani umbali kutoka jino moja hadi linalofuata. Vyote viwili vimeandikwa kwenye shina la tapu. M6 × 1, yaani kipenyo milimita 6 na hatua milimita 1: sita toa moja, biti ya 5. M10 × 1.5: biti ya 8.5. M8 × 1.25 inakupa 6.75, na biti inayouzwa ni 6.8. M12 × 1.75 inakupa 10.25, unachukua 10.2. Soma hatua kila mara, maana bolti nyingi za magari ya Kijapani ni M10 × 1.25, na hizo zinataka 8.8, si 8.5.

Shida inaanzia dukani. Seti nyingi za biti zinapanda kwa nusu milimita, kwa hiyo 6.8 humo hamna. Je, uchukue 6.5 au 7? Saidia fundi karibu wote watakwambia 6.5, eti thredi ishike zaidi. Mimi nasema 7, mradi chuma ni kinene. Tundu la 6.8 linabakiza jino la asilimia 74 hivi ya kimo chake kamili. La 7 linabakiza 62, na la 6.5 linapanda hadi 92. Hiyo 92 inasikika vizuri mdomoni, lakini nguvu inayoongezeka ni ndogo, na tapu inakabwa mpaka inakatikia ndani. Kwa M12, vivyo hivyo, 10.5 inafaa kuliko 10. M5 haina ujanja: 4 inabana mno, 4.5 inaacha nusu ya jino. Nunua 4.2 peke yake.

Kinachobeba mzigo zaidi ni urefu wa thredi iliyoshika. Nati ya kawaida ya M10 ina unene wa milimita 8 hivi, na inatosha. Kwenye chuma cha kawaida, urefu sawa na kipenyo cha bolti unatosha. Kwenye alumini, kama mashine za boti zinazoletwa kutoka mwalo wa samaki wa Deep Sea zikiwa zimeliwa na chumvi, nenda mara mbili ya kipenyo. Hapo sikubali 7 kwa M8. Ni 6.8, na tone la mafuta ya taa wakati wa kukata. Stenlesi ni kinyume: ongeza tundu kidogo, tia oili, na usiiache biti isugue bila kukata, kwa sababu chuma hicho kinazidi kuwa kigumu kikisuguliwa.

Halafu kuna inchi. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, ila mashine kongwe za mkonge zilizotoka Uingereza zilikuja na hazikuondoka, na bolti zake nyingi ni za Whitworth, thredi ya zamani ya Kiingereza inayopimwa kwa inchi. Nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 kwa inchi. Ya Kimarekani, UNC, ina 13. Kwa macho huzitofautishi, na nati inaweza kuingia mizunguko kadhaa kabla ya kugoma. Weka geji ya thredi, kile kibamba chenye meno ya kulinganishia, hesabu meno, kisha gawanya 25.4 kwa idadi hiyo upate hatua. Whitworth hiyo inataka 10.5, UNC inataka 10.8.

Na namba iliyoandikwa kwenye biti usiiamini kama imenolewa kwa mkono. Ncha yenye ubavu mmoja mrefu kuliko mwingine hutoboa tundu pana kuliko biti yenyewe, hata kama mashine imefungwa vizuri. Toboa kwanza kwenye chuma chakavu cha aina ileile, kisha pima tundu kwa venia, chombo cha kupimia vipenyo. Likizidi, rudi kwenye jiwe la kunolea kabla hujagusa kazi ya mteja.