Je, vidonge vya serotonini huongeza kumbukumbu?

Swali: Daktari, nimesoma kwamba serotonini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli za neva, huimarisha kumbukumbu ya konokono wa baharini. Nikitumia vidonge vinavyosemekana kuiongeza, je, nitakumbuka zaidi ninayosomea mtihani?

Jibu: Hapana. Karibu kila anayeniuliza hivi amesoma habari ya kweli, kisha akauziwa hitimisho la uongo.

Konokono huyo, Aplysia, ana seli za neva zipatazo 20,000 tu, baadhi zikiwa kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho, na ndiyo maana Eric Kandel, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2000, aliweza kuifuatilia kumbukumbu hadi kwenye sinapsi, yaani maungio kati ya seli moja ya neva na nyingine. Mkia ukishtuliwa kwa umeme, serotonini humwagwa kwenye ncha za neva za hisi. Milango ya kupitishia potasiamu kwenye seli hizo hufungwa, mpigo wa umeme hurefuka, kalsiamu nyingi zaidi huingia, na ncha hizo humwaga glutamati, kemikali inayopeleka ujumbe kwa seli inayofuata, nyingi kuliko awali, hata mguso hafifu ukamfanya mnyama arudishe tamvua lake la kupumulia ndani kwa nguvu.

Wauza vidonge huishia hapo, wakaiita serotonini kumbukumbu yenyewe, na kosa hilo linanikera kuliko yote. Katika seli zilizooteshwa maabarani, dozi moja ya serotonini huimarisha sinapsi kwa dakika chache tu, ilhali dozi tano zilizopishana huiimarisha kwa zaidi ya siku nzima, kwa kuwa marudio ndiyo yanayoamsha jeni katika kiini cha seli, zikaundwa protini mpya na kuchipua miunganisho mipya. Ukizuia uundaji wa protini wakati huo, kumbukumbu ya dakika hubaki, ya siku haiji. Kemikali ni ile ile. Kilichotofautiana ni mpangilio wa mafunzo, na badiliko hukaa kwenye sinapsi zilizohusika.

Serotonini unayomeza haipenyi kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo. Vidonge vingine hubeba malighafi yake, ambayo hupenya, lakini haiwezi kuchagua sinapsi zinazohifadhi somo lako.

Anayetumia dawa za sonona asiviguse kabisa bila idhini ya daktari wake, kwani serotonini ikizidi mwilini huleta kutetemeka, homa na mapigo ya moyo ya kasi, hali inayoweza kuua. Na muuzaji asiyekuuliza kwanza unatumia dawa gani nyingine, usinunue chochote kwake.