Kutafuta mkutano wa AA Nairobi: anza na ile saa unakunywa

Watu wakijua nilikuwa mlevi na saa hizi sinywi, wengi huniuliza kitu kimoja, mikutano ya AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe) iko wapi na nikifika nafanya nini. Mimi huwauliza kwanza, wewe kiu hukushika saa ngapi? Nairobi mikutano iko ya asubuhi, ya lunchi na ya jioni, na mtu hukimbilia ile ya Jumamosi asubuhi karibu na kwake wakati shida yake yote iko Ijumaa saa kumi na mbili jioni, mshahara umeingia kwa simu na matatu inamshukisha mbele ya baa. Tafuta mkutano unakaa kwa hiyo saa yenyewe, hata kama ni wa kupanda gari mbili. Mimi ile saa nilizoea kuwa kaunta nikawa niko kwa kiti cha plastiki na kikombe cha chai, na tukimaliza ni usiku, njaa imenishika, nataka tu kwenda nyumbani nikale.

Lakini kabla ya mkutano wowote, kama wewe huamka mikono ikitetemeka mpaka utoe lock, yaani unywe kidogo ndio itulie, tafadhali usiache ghafla ukiwa pekee yako kwa nyumba. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla unaweza kukuangusha kama mtu wa kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, na kufikia siku ya tatu wengine wanaona vitu haviko, jasho, homa, kuchanganyikiwa, na hiyo inaua watu. Enda hospitali umwambie daktari kiasi unakunywa kweli kweli, usipunguze juu ya aibu, kuna dawa za kukuvusha hizo siku.

Kupata kikundi si ngumu. Piga 1192, hiyo ni laini ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na ni bure, ama utafute AA Kenya kwa intaneti, halafu upige simu uhakikishe siku na saa kabla hujatoka kwa sababu vikundi huhama. Vingi hukutana kwa kumbi za kanisa, hiyo isikutishe, kanisa limetoa chumba tu, na hata kama wewe ni Muislamu ama huna dini, karibu. Hakuna kujiandikisha na hakuna ada, kinachotakiwa ni uwe unataka kuacha pombe. Kikapu kikipita cha kodi na chai weka ulicho nacho, kama huna pitisha. Na uliza kama mkutano ni wa wazi ama umefungwa, wa wazi unaweza kwenda na dada yako ama rafiki akusindikize, uliofungwa ni wa wenye shida ya pombe pekee.

Ndani utasikia mtu anasema jina lake moja tu, mimi ni fulani na mimi ni mlevi, wengine wanamkaribisha, anaongea mambo yake na hakuna anayemjibu wala kumshauri. Zamu ikifika kwako unaweza kusema leo nasikiza tu, hakuna atakayekusukuma. Wengi huongea Kiingereza lakini wewe ongea Kiswahili ama changanya.

Sasa hapa ndipo nataka unisikize sana. Usitoke mbio wakimaliza ile sala ya mwisho! Kaa unywe chai, saidia kupanga viti, na uombe namba za watu, mwanaume aombe wanaume na dada aombe madada. AA yenyewe ilianza hivyo, 1935 kule Akron, Marekani, Bill W. alikuwa hotelini biashara yake imeharibika, baa iko hapo hapo, akashika simu akaanza kupigia makanisa akitafuta mlevi mwingine wa kuongea naye, na ndivyo akampata Dr. Bob, wakaanzisha AA wawili hao. Kwa hivyo piga hiyo namba ukiwa sawa, piga kesho yake kusalimia tu, ndio siku kiu ikikubana kidole kisione ugumu. Baadaye kati ya hao utapata sponsa, mtu amekutangulia kwa zile hatua 12 za AA za kuacha pombe, akuongoze.

Kikundi cha kwanza kikikukataa moyoni jaribu kingine kabla useme AA si yako. Na akitokea mtu hapo anakutongoza ama anakukopa pesa, hama, vikundi vingine viko.

Mama watoto ama mzazi naye asiachwe nje, kuna Al-Anon, hiyo ni ya familia na wanaenda hata kama mlevi wao bado anakunywa.

Disemba ndio huwa mbaya. Unaenda ushago, kuna ruracio ya kupeleka mahari, muratina, ile pombe ya kienyeji, iko kwa meza na wajomba wanakusukumia kikombe. Kabla ya kusafiri ongea na kikundi wakupe linki ya mikutano ya Zoom, nunua bandoli za intaneti mapema, na umwambie mtu mmoja huko nyumbani, kaka ama shangazi, kwamba hunywi, ndio awajibie wale wajomba kabla hata hujafungua mdomo.